Mpaka wa maegesho unapofika mlangoni kwako

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinahusu jambo moja: halmashauri inataka kupanua eneo la vibali vya maegesho, ili mitaa ambayo leo kila mtu anaegesha atakavyo iwe ya wakazi wenye vibali. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kupima barabara na kuhesabu magari kwa ajili ya mipango ya manispaa, na nimeona mitaa ikipumua baada ya vibali, na mitaa mingine ikilipia stika bila kupata chochote. Ndiyo maana suala hili linanigusa.

*Shikamoo Mzee. Mtaa wetu uko nje kidogo tu ya eneo la vibali, mpaka unapita kwenye kona yetu. Kabla eneo halijaanzishwa tuliegesha bila shida. Sasa kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi, magari ya watu wanaokwenda kupanda treni yanajaa hadi kwenye lango langu, na yanaondoka jioni. Halmashauri imetuletea karatasi ya maoni: wanataka kuusogeza mpaka utuingize sisi na mitaa mitatu inayofuata. Majirani wamegawanyika. Wapo wanaosema tutalipia kitu kilichokuwa cha bure, na wapo wanaosema barabara ni ya umma, hatuna haki ya kumfukuza mtu. Nijaze ndiyo au hapana? Wa Kwenye Kona*

Marahaba, mwanangu. Kabla hujajaza karatasi hiyo, chukua daftari uhesabu magari. Nasema hivyo kwa kuwa kibali hakiongezi nafasi hata moja barabarani. Kazi yake ni moja tu, kumwondoa asiye mkazi. Kama magari yanayowabana ni ya wageni, kibali kitawafaa sana. Kama ni ya kwenu wenyewe, mtalipa na bado mtazunguka usiku mkitafuta pa kuegesha.

Wewe unaamini ni watu wa treni, na huenda uko sahihi. Ila halmashauri haiamui kwa imani ya mtu mmoja, wala majirani wanaopinga hawatabadilika kwa kuambiwa tu. Fanya hivi. Chagua siku ya kawaida katikati ya wiki, isiwe sikukuu wala likizo ya shule. Gawa ukurasa wa daftari safu nne. Ya kwanza andika mahali: mbele ya nyumba fulani, kando ya mti, baada ya nguzo. Tatu zilizobaki ni za nyakati: saa tisa usiku, saa nne asubuhi na saa nane mchana. Kila ukipita, andika tarakimu tatu za mwisho za namba ya gari unalolikuta mahali hapo, basi. Zinatosha kulitambua gari, na hazimwanikii mtu mambo yake.

Sasa soma safu zako. Tuseme mbele ya nyumba ya tatu, saa tisa usiku uliandika 417. Saa nne asubuhi 417 haipo, pana 082. Saa nane mchana 082 bado ipo. Umepata jibu: mkazi ameondoka kwenda kazini, mgeni ameshika nafasi yake kutwa nzima. Huyo ndiye kibali kinamlenga. Lakini ukikuta saa nne ni 082 na saa nane ni 655, hao ni wapita njia, wateja wa duka au wagonjwa wa zahanati, na dawa yao ni bango linaloruhusu kuegesha kwa muda usiozidi saa mbili, hakuna haja ya kuufunga mtaa mzima. Ukikuta 417 usiku, 417 asubuhi na 417 mchana, na jirani zake vivyo hivyo, basi mtaa umejaa magari ya wenyeji na eneo la vibali halitakupa nafasi.

Halafu pima ukubwa wa mtaa. Gari moja lililoegeshwa sambamba na ukingo wa barabara linahitaji takriban mita 6, pamoja na nafasi ya kuingilia na kutokea. Mtaa wa mita 150 wenye maegesho pande zote mbili una mita 300 za ukingo, yaani magari 50 kwa hesabu ya karatasi. Toa milango ya nyumba, toa kona ambako dereva lazima aone anayekuja, toa bomba la zimamoto, toa kituo cha basi. Mara nyingi utabaki na 35 au pungufu. Sasa uliza kaya zenu zina magari mangapi. Kama yanafika 60, hakuna kibali duniani kitakachoyatosheza kwenye nafasi 35, na anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Kuhusu kiwango cha kujaa, profesa Donald Shoup wa chuo kikuu cha UCLA huko Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025, alitetea kwa miongo kadhaa kwamba kila kipande cha mtaa kiwe na nafasi moja au mbili wazi, yaani ujazo wa kama asilimia 85. Chini ya hapo sana, barabara inakaa bure. Juu ya hapo, watu wanaanza kuzunguka. Yeye na wanafunzi wake walipima mzunguko huo katika eneo la biashara la Westwood Village, vipande 15 tu vya mitaa, wakakuta kwamba kutafuta maegesho peke yake kunazaa zaidi ya maili 900,000 za kuendesha gari kwa mwaka. Moshi wote huo, na hatari yote hiyo kwa watoto wanaovuka, kwa ajili ya kutafuta pa kusimama. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba maegesho ni jambo dogo la wenye magari, usikubali.

Nije kwa majirani zako wanaosema barabara ni ya umma. Hoja yao ni ya heshima na haikuanza leo. Katika kaunti ya Arlington, jimbo la Virginia, ng'ambo ya mto kutoka Washington, wakazi wa mtaa wa Aurora Highlands walizidiwa na magari ya wafanyakazi wa majengo ya Crystal City yaliyo jirani. Kaunti ikaweka sheria: kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, siku za kazi, wanaoegesha ni wakazi, wageni wao, na wanaowapelekea bidhaa au huduma. Wafanyakazi wakashtaki wakidai wanabaguliwa, na mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikawaunga mkono. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo mwezi Oktoba 1977 ikaamua kwamba katiba haikatazi mji kumtofautisha mkazi na asiye mkazi katika maegesho, ikiwa lengo ni kupunguza moshi, kelele na msongamano wa magari ya watu waendao kazini. Maeneo mengi ya vibali katika miji ya Marekani yamesimama juu ya uamuzi huo. Lakini angalia msingi wake: mahakama ilikubali sababu, haikusema kwamba wakazi wanamiliki barabara. Mpaka usio na sababu ya namna hiyo ni kujitwalia mali ya wote, na hapo majirani zako wana haki ya kupinga.

Sasa mpaka wenyewe. Hapa ndipo halmashauri nyingi hukosea, na hapa ndipo ningependa upaze sauti. Mliumia ninyi kwa sababu mpaka wa kwanza uliishia kwenye kona yenu. Maji yakizibwa hapa hupita pale. Ukisogezwa mitaa mitatu, mtaa wa nne utaamka siku moja na magari yaleyale, na wakazi wake hawakuulizwa chochote. Dai kwamba karatasi ya maoni iwafikie na wao, hata kama hawamo kwenye mpango. Na uliza mpaka mpya umechorwa wapi na kwa nini pale. Mpaka mzuri unaishia mahali ambapo mtu wa treni atachoka kutembea, au panapomzuia kitu cha kweli: reli, mto, barabara kuu isiyo na kivuko. Mpaka unaokatisha mtaa katikati kwa sababu tu ramani ya kata inaishia hapo utaleta ugomvi mwingine mwakani.

Mtaambiwa pia kwamba suluhisho ni kufanya eneo moja kubwa, ili mpaka uwe mbali na kila mtu. Likatae. Eneo likiwa kubwa mno, mkazi wa mwisho kabisa anatia gari ufunguo, anaendesha hadi mtaa ulio karibu na stesheni, anaegesha kihalali kwa kibali chake, anapanda treni. Mnakuwa mmemfukuza mgeni na kumkaribisha jirani afanye yaleyale. Dawa yake ni kugawa maeneo madogo yenye herufi au namba zake, kila kibali kifanye kazi katika eneo lake tu.

Ukiniuliza mimi, kwa yale uliyoeleza, magari kuja saa mbili na kuondoka jioni, siku za kazi tu, ningejaza ndiyo. Lakini nisingeishia kutia alama kwenye kisanduku. Nyuma ya karatasi andika masharti yako: eneo dogo, saa chache, mtaa wa nne uulizwe, na magari yahesabiwe tena baada ya mwaka ili ijulikane kama mpaka umesaidia. Ambatisha nakala ya daftari lako. Karatasi zenye tiki peke yake zinahesabiwa na kufungiwa kabatini. Yenye hesabu ya magari italazimu afisa aijibu. Na waambie wapangaji wajaze pia. Mara nyingi bahasha hufikia mwenye nyumba asiyeishi hapo, na anayelala mtaani anakosa sauti.

*Mzee, mimi ni muuguzi, ninazunguka majumbani kuwahudumia wagonjwa na wazee wasioweza kutoka. Mitaa ninayopita inaingizwa kwenye eneo la vibali. Similiki nyumba hata moja huko na hakuna aliyeniuliza maoni. Nikiegesha nusu saa kumfunga mtu kidonda nitapigwa faini. Wenzangu wawili tayari wanafikiria kuacha njia hiyo. Nifanye nini? Dada wa Mfuko Mweupe*

Dada yangu, barua yako imenikalia kooni. Katika mikutano ya maegesho wanaosikika ni wenye nyumba na wenye maduka. Wewe, fundi bomba, dobi anayerudisha nguo, binti anayekuja kumwogesha mama yake kila jioni, hamuonekani kwenye orodha ya kaya, na hivyo mnasahauliwa. Kumbuka hata ile sheria ya Arlington ya miaka ya 1970 iliwataja waziwazi wageni na watoa huduma.

Kuna njia mbili, na nakushauri uzidai zote. Ya kwanza ni kibali cha mhudumu wa afya, kinachoandikwa kwa jina la mwajiri wako na si kwa nyumba, kifanye kazi katika maeneo yote ya mji kwa muda wenye kikomo, kama saa moja au mbili kila unapoegesha. Miji kadhaa ina kibali cha namna hii, lakini aghalabu hakitangazwi, na hupewa anayekiuliza. Mwambie msimamizi wako aombe kwa niaba ya wauguzi wote, kwa barua moja, ikionyesha idadi ya ziara zenu kwa wiki katika mitaa hiyo. Halmashauri inaweza kukataa ombi la muuguzi mmoja; kuikatalia zahanati nzima hadharani ni vigumu zaidi.

Ya pili ni kibali cha mgeni anachopewa mkazi, mara nyingi kadi ya kukwangua tarehe; kidai, ila usikitegemee peke yake. Ukimtegemea mgonjwa akukwangulie kadi kila siku, au aingize namba ya gari lako kwenye simu, unamtwisha mtu aliye kitandani kazi ya ofisi. Kuna wazee wanaokuwekea kadi mezani, na kuna wasioweza hata kusoma tarehe. Zaidi ya hayo kadi za wageni kwa kawaida zina idadi maalumu kwa mwaka, na mgonjwa anayehudumiwa kila siku atazimaliza mapema, kisha mwanawe akija kumsalimia hana pa kuegesha. Hilo ni jambo baya. Mtu akiugua, mlango wake haufai kuwa mgumu kufikiwa kuliko alipokuwa mzima. Liandike hivyo kwenye maoni yako, na uyapeleke hata kama hukuletewa bahasha. Kipindi cha maoni kwa kawaida kiko wazi kwa yeyote anayeguswa na mpango, si kwa mkazi peke yake.

*Tuna magari mawili nyumbani kwa sababu mimi na mume wangu tunafanya kazi pande tofauti za mji. Wanapendekeza kibali cha gari la pili kiwe ghali kuliko cha kwanza. Huu si uonevu? Mama wa Magari Mawili*

Mama, naelewa uchungu wako, lakini hapa sitakuunga mkono. Gari la kawaida hukaa limesimama zaidi ya tisa ya kumi ya maisha yake. Gari la pili linataka mita 6 nyingine za barabara ileile, na mita hizo zinatoka kwa jirani yako. Kibali kikiwa cha bei moja, au cha bure bila kikomo, mji unaishia kutoa vibali vingi kuliko nafasi, na hapo karatasi ya kila mmoja inapungua thamani, pamoja na yako.

Wapo waliokaza zaidi. Japani, tangu sheria ya mwaka 1962, mtu wa mjini hawezi kusajili gari la kawaida bila kuthibitisha kwa polisi kwamba ana mahali pa kuliegesha nje ya barabara, si mbali na anapoishi. Amsterdam ilitangaza mwaka 2019 kwamba itapunguza takriban vibali 1,500 kila mwaka kwa kutovitoa upya wenye navyo wanapohama au kuacha gari. Kibali cha pili chenye bei ya juu ni hatua ya upole ukilinganisha na hizo.

Ninachokuomba ukidai ni kingine: bei ya pili isiwaumize wanaolazimika. Kama mmoja wenu anafanya zamu za usiku, wakati basi hakuna, hilo ni jambo la kuandikwa kwenye maoni, na halmashauri yenye busara itaweka nafuu yake.

*Hii si njia ya kukusanya kodi kwa mlango wa nyuma? Ninyi wataalamu mnazungumzia moshi, mimi naona pesa. Mlipa Kodi*

Ndugu, una haki ya kuuliza, na imetokea. Mwaka 2011 halmashauri ya Barnet, kaskazini mwa London, ilipandisha kibali cha kwanza cha mkazi kutoka pauni 40 hadi 100, na kibali cha mgeni kutoka pauni 1 hadi 4, ili ziada igharimie mambo mengine ya barabara. Mkazi mmoja akaipeleka mahakamani kwa niaba ya wenzake. Julai 2013 Mahakama Kuu ikasema haikuwa halali: sheria ya barabara ya mwaka 1984 inaruhusu kutoza ili kudhibiti maegesho, si kujaza mfuko.

Sheria ya kwenu inaweza kuwa tofauti, lakini swali la kuuliza ni lilelile. Omba mezani gharama za kuendesha eneo, yaani mabango, rangi ya mistari, wakaguzi na mfumo wa vibali, kando ya mapato yanayotarajiwa. Pakiwa na pengo kubwa kati ya hayo mawili, uliza litakwenda wapi. Mimi sioni ubaya ziada ikirudi kwenye mtaa uleule, ikatengeneza njia ya waenda kwa miguu na taa, mradi imeandikwa tangu mwanzo na sheria inaruhusu. Ikipotelea kwenye mfuko mkuu, jina lake ni kodi, nawe umeliita sawasawa.

*Nyumba yetu ya ibada iko ndani ya mitaa inayoingizwa. Waumini wengi wanatoka mbali. Eneo likifungwa kutwa, tutaegesha wapi? Mhudumu wa Nyumba ya Ibada*

Mzee mwenzangu, msipinge eneo zima, pingeni saa zake. Mtu anayewasumbua wakazi ni yule anayeegesha asubuhi akarudi jioni. Kumzuia huyo hakuhitaji kufunga mtaa kutwa. Katika vitongoji vya London yako maeneo ya vibali yanayofanya kazi saa moja tu kwa siku, katikati ya asubuhi au mchana. Mwenda treni hawezi kutoka ofisini kuja kuhamisha gari kwa saa hiyo moja, hivyo hawezi kuegesha kabisa. Mgeni wa mchana, fundi na muumini wanapata saa zote zilizobaki.

Andikeni mkiomba saa moja, siku za kazi tu, na Jumamosi na Jumapili ziachwe huru. Wanaosali Ijumaa ndio wanaoangukia ndani ya siku za kazi, kwa hiyo ombeni saa hiyo iwekwe kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Kufikia adhuhuri barabara itakuwa wazi kwao, na wakaguzi watakuwa wamekwisha kupita.